Kabla Hujanunua Dawa ya Kusafisha Ini

Wang'uru, mji wetu wa Mwea, hutakosa dawa ya kusafisha ini. Ipo ya unga wa majani, ipo ya maji ya kahawia yaliyotiwa kwenye chupa ya nusu lita, ipo ya vidonge vilivyotoka ng'ambo vikiwa na picha ya ua la zambarau. Wanaoinunua ni watu wazima wenye akili timamu. Walikwenda hospitali kwa sababu ya kisukari, presha au maumivu ya tumbo, wakapigwa picha ya ultrasound, wakaambiwa ini lina mafuta. Wakauliza dawa, wakajibiwa wapunguze uzito. Mtu aliyepewa jina la ugonjwa bila kupewa kidonge ataitafuta dawa mahali pengine, na mahali pa karibu ni kwa muuza mitishamba. Namwandikia huyo, pamoja na mke au mume atakayetoa pesa.

Msimamo wangu nausema mapema. Iko mimea inayolisaidia ini lenye mafuta, na mingi kati ya hiyo huliwa kwenye sahani au hunywewa kwenye kikombe. Ile iliyokamuliwa, ikachemshwa au kulowekwa mpaka nguvu yake yote ikakusanyika kwenye kidonge au kwenye chupa, bado haijathibitishwa kuwa dawa ya ugonjwa huu. Na baadhi yake imewaharibia maini watu waliokuwa wazima.

Kabla ya mmea wowote, hakikisha ugonjwa wenyewe ni upi. Hapa Mwea jambo hili lina uzito kuliko katika miji mingi ya Mlima Kenya. Mashamba yetu ya mpunga yananyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi kupitia mifereji, na kwenye maji hayo wanaishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Vimelea hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini akipanda au kupalilia, hukua na kuwa minyoo ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, kisha mayai yao husafirishwa na damu mpaka kwenye ini. Mayai yakikwama huko, ini hujenga makovu kuyazunguka. Miaka ikipita bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na wengine hutapika damu. Mkulima aliyelima mpunga tangu ujana anaweza kuwa na mafuta kwenye ini, au kichocho, au vyote viwili. Majani ya kuchemsha hayatamwondolea minyoo hiyo. Itaondolewa na prazikwanteli, dawa ya bei nafuu inayopimwa kwa uzito wa mgonjwa, baada ya choo chake kuchunguzwa kwa darubini. Choo kipimwe zaidi ya mara moja, maana mayai huweza kukosekana siku moja yakaonekana siku nyingine.

Pima pia homa ya ini aina ya B na C, hasa ikiwa ulizaliwa kabla ya chanjo ya aina B kuingizwa katika ratiba ya watoto wachanga wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na mweleze daktari ukweli kuhusu pombe. Ini la mnywaji huweza kuonekana kwenye picha sawasawa na ini la mtu mwenye kisukari ambaye hajawahi kuonja pombe.

Ikiwa imethibitika kuwa huna lolote kati ya hayo, tuzungumze sasa juu ya mafuta yenyewe. Ini huhesabiwa kuwa na ugonjwa mafuta yanapoonekana kwenye zaidi ya asilimia 5 ya chembe zake. Takriban watu wazima 3 kati ya 10 duniani wanayo hali hii, na wengi hawahisi lolote. Kwa kuwa inafungamana na unene wa tumbo, kisukari na presha, mwaka 2023 mashirika ya wataalamu wa ini yaliubadilisha hata jina la ugonjwa ili lionyeshe uhusiano huo. Sehemu kubwa ya mafuta hayo hutoka kwenye akiba ya mwili, yaani kitambi na mafuta ya chini ya ngozi, na karibu robo yake hutengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari na wanga tunaokula. Kwa hiyo wazo la kusafisha ni kosa tangu mwanzo. Mafuta haya hayakuingia kama uchafu unaoweza kuoshwa na dawa chungu. Yanaletwa upya kila siku na mlo na mwili, na njia ya kuyapunguza ni kupunguza kinachoyaleta.

Wengi wenye mafuta kwenye ini hawatafika kwenye makovu. Wachache watafika, na miongoni mwao baadhi ini litasinyaa au litapata saratani. Swali la maana basi ni kama makovu yameanza, na hilo picha ya kawaida ya ultrasound hailijibu vizuri. Kuna hesabu ambayo daktari yeyote anaweza kuifanya kwa simu, inayoitwa FIB-4. Inahitaji umri wako na vipimo viwili vya damu tu: kile cha ini chenye AST na ALT, na hesabu ya chembe za damu yenye idadi ya chembe sahani. Umri huzidishwa kwa AST, kisha jibu hugawanywa kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Tuseme una miaka 50, AST ni 40, ALT ni 49, chembe sahani ni 200. Hamsini mara arubaini ni 2,000. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7, mara 200 ni 1,400. Jibu ni 1.43. Chini ya 1.3, makovu makubwa ni nadra, na unaweza kushughulika na mlo na mwendo bila hofu. Zaidi ya 2.67, muone mtaalamu upesi. Katikati, utahitaji kipimo kingine. Aliyepita miaka 65 mpaka wake wa chini ni 2.0. Lakini kumbuka kichocho: bandama iliyovimba hupunguza chembe sahani, na hesabu hii inaweza kupanda kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nilianza na choo kabla ya damu.

Sasa tuje kwenye chupa.

Lile ua la zambarau ni la mmea wa miiba wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, Silybum marianum, na kinachokamuliwa kutoka kwenye mbegu zake huitwa silimarini. Kati ya dawa zote za mimea zinazouzwa kwa ajili ya ini, hii ndiyo iliyochunguzwa zaidi, na inastahili kutendewa haki. Huko Malaysia watu 99 wenye ini lenye mafuta na uvimbe walipewa miligramu 700 mara tatu kwa siku, au kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 48. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Lengo kuu la jaribio halikufikiwa: waliopata nafuu kati ya waliotumia dawa walikuwa asilimia 32.7, na kati ya wasioitumia asilimia 26. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuaminika. Makovu yalionekana kupungua kwa wengi zaidi upande wa dawa, na watafiti wenyewe wakasema jambo hilo lichunguzwe kwa watu wengi zaidi. Jaribio jingine lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 nalo halikufikia lengo lake. Silimarini haina madhara makubwa kwa watu wengi. Nikiulizwa kama mtu auze mbuzi ili aimudu kwa mwaka mzima, jibu langu ni hapana.

Na usije ukachuma mmea wowote wa miiba ukidhani ndio huo. Kando ya barabara zetu kunaota gugu lenye majani ya miiba yenye mistari myeupe, maua ya manjano na utomvu wa manjano, ambalo wengine huliita mbaruti. Hilo ni mmea mwingine kabisa, na mbegu zake zina sumu inayovimbisha miguu na kudhuru moyo.

Manjano ya jikoni hayana ubaya. Yatie kwenye ndengu, kwenye pilau, kwenye maziwa ukipenda. Shida huanza yanapogeuzwa vidonge. Kemikali yake, kukumini, hufyonzwa kidogo sana na utumbo, kwa hiyo watengenezaji huichanganya na dondoo la pilipili manga ili iingie mwilini kwa wingi. Ikiingia kwa wingi, baadhi ya watu maini yao huikataa. Mwaka 2022 mtandao wa Marekani unaofuatilia maini yaliyoharibiwa na dawa ulieleza habari za wagonjwa 10 wa vidonge vya manjano. 5 walilazwa na mmoja akafa. Saba kati yao walikuwa na alama moja ya kurithi katika damu, ambayo mtu hawezi kujijua anayo. Italia nayo ilishapata wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2019.

Majani ya chai ya kijani yana historia inayofanana. Kikombe cha chai ni salama. Dondoo lake lililofinyangwa kuwa vidonge vya kupunguza tumbo ni jambo lingine: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za kemikali yake kuu, zikimezwa kama dondoo, hupandisha vimeng'enya vya ini, yaani zile AST na ALT. Mnywaji wa kawaida wa chai hiyo hafiki kiwango hicho. Mmezaji wa vidonge hukifika bila kutoka jasho.

Ninaloliogopa zaidi ni lile lililo karibu na nyumba. Mabaki, ule mmea wa majani mapana yenye vinyweleo unaopandwa pembeni mwa boma kwa ajili ya sungura na nguruwe, watu huuchemsha wakanywa kwa vidonda vya tumbo, na wengine huutia kwenye uji. Una alkaloidi zinazoziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini. Marekani iliwataka watengenezaji waondoe dawa zake za kumeza sokoni mwaka 2001. Ikiwa ini lako lina tatizo lolote, waachie sungura, na wewe tafuta managu. Muguka, aina ya miraa, vilevile. Ng'ambo ya mpaka wetu, Mbeere, ndiko unakolimwa, na vijana wa bodaboda wa Wang'uru wanautafuna wakishushia soda. Tafiti za mashariki mwa Ethiopia, ambako miraa hutafunwa kwa wingi, zimeuhusisha utafunaji wa kila siku na ugonjwa sugu wa ini kwa watu ambao hawakuwa na virusi wala pombe. Anayetafuna muguka ili apunguze njaa na kitambi analipia kwa ini lile lile analotaka kuliponya.

Mwarobaini, mlonge, mshubiri? Mengi ya yanayosemwa juu yao na ini lenye mafuta yametoka kwenye majaribio ya panya. Panya hulishwa mafuta na kupewa dondoo kwa wakati mmoja, halafu hupasuliwa baada ya wiki chache. Hilo huonyesha kuwa jambo linafaa kuchunguzwa, halionyeshi kuwa mama wa miaka 55 mwenye kisukari atapona. Muuzaji atakwambia vimeng'enya vya mteja wake vilishuka. Huenda ni kweli. Vimeng'enya hupanda na kushuka vyenyewe, na hata katika majaribio wale wanaopewa kidonge kisicho na dawa mara nyingi hupata nafuu, kwa sababu mtu anayejua anapimwa huanza kula vizuri. Isitoshe, wapo wenye makovu mazito ambao vimeng'enya vyao ni vya kawaida.

Sisemi haya kwa kudharau miti. Metformini, kidonge anachomeza kila asubuhi mgonjwa wa kisukari wa Kimbimbi na wa Kerugoya, ilizaliwa kutokana na utafiti juu ya mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mwiri wa msitu wa Mlima Kenya, Prunus africana, gome lake hukamuliwa kuwa dawa ya tezi dume inayotumika Ulaya, na kwa kutakiwa mno biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ina kituo chake cha kuchunguza dawa za asili. Mti unapokuwa dawa, kipimo chake hujulikana, sehemu inayotumika hujulikana, na madhara yake huandikwa. Tuidai hali hiyo hiyo kwa dawa ya ini kabla ya kutoa shilingi.

Upo mmea mmoja, hata hivyo, wenye ushahidi mzuri kuliko chupa zote hizo, nao unalimwa juu yetu kwenye miinuko ya Kirinyaga. Ni kahawa. Katika utafiti wa Uingereza uliofuatilia karibu watu nusu milioni na kuchapishwa mwaka 2021, wanywaji wa kahawa walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 21 ya kupata ugonjwa sugu wa ini, na kwa asilimia 49 ya kufa kutokana nao. Tafiti nyingine zimeona makovu machache kwa wanywaji wenye ini lenye mafuta. Huu ni ushahidi wa kufuatilia watu, haujafikia uthibitisho wa dawa, kwa hiyo usianze kunywa ukitarajia muujiza. Lakini ikiwa moyo haudundi ovyo, presha imetulia, huna mimba na usingizi wako ni mzuri, vikombe viwili au vitatu kwa siku bila sukari ni uamuzi wa busara. Inasikitisha kwamba familia nyingi zinazopeleka buni kiwandani hazina kahawa ya kunywa nyumbani.

Sukari ya vikombeni ndiyo ya kushughulikia kwanza. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni karibu gramu 48 kwa siku. Soda moja ya mililita 300 huongeza takriban gramu 30. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana 25. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi huzoea.

Kuhusu mchele, siwezi kumwambia mtu wa Mwea aache pishori, na sina sababu ya kumwambia hivyo. Pishori hupandisha sukari ya damu polepole kidogo kuliko aina nyingi za mchele mweupe. Tatizo ni mlima wa wali wenye kijiko cha maharagwe juu yake. Geuza: robo ya sahani iwe wali, robo nyingine iwe ndengu, kamande, maharagwe, yai au samaki, na nusu nzima iwe terere, managu, sukuma wiki au kabeji. Ukiweza kupata mchele wa kahawia, ambao umeondolewa maganda ya nje tu, ni bora zaidi. Viazi vya mukimo vihesabu kama wanga, usivile pamoja na wali na chapati kwenye mlo mmoja. Na mahindi yako yakaushe vizuri kabla ya kuyahifadhi. Mwaka 2004 sumu ya kuvu kwenye mahindi iliua watu 125, wengi wao Ukambani, na sumu hiyo hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini.

Kupunguza uzito ndiyo dawa iliyothibitishwa. Ukipunguza asilimia 5 ya uzito wako, mafuta kwenye ini hupungua. Kuanzia 7 hadi 10, uvimbe hupoa, na kwenye 10 hata makovu huweza kurudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 4.5, kisha 6.3, kisha 9. Usikimbilie, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha, kwani kujinyima chakula ghafla huweza kuzidisha uvimbe wa ini. Anayepanda mpunga kwa mkono anafanya kazi ya kutosha. Mwenye duka la mchele, dereva, mwalimu na mhasibu wa kinu hawafanyi. Wao watembee kwa kasi dakika 150 kwa wiki, na kutembea huko hupunguza mafuta ya ini hata mizani isiposogea. Barabara za kando ya mifereji ni nzuri alfajiri, mradi usiingie majini kunawa miguu.

Zipo pia dawa mpya za hospitali. Resmetiromu iliidhinishwa Marekani Machi 2024, na semaglutaidi ikaidhinishwa huko kwa ugonjwa huu Agosti 2025. Ni za waliokwisha kupata makovu ya wastani hadi makubwa, bei yake ni kubwa, na hata wao hupewa pamoja na mlo na mwendo.

Ukiamua bado kutumia dawa ya mitishamba, hiyo ni haki yako, lakini itumie kwa masharti. Muulize muuzaji jina la mti, sehemu iliyotumika na jinsi ilivyotengenezwa. Akisema ni siri ya ukoo, mshukuru uondoke. Iliyofungwa kiwandani itazame kama imesajiliwa na Bodi ya Famasi na Sumu. Tumia moja, usichanganye tano, kwani ini likidhurika hakuna atakayejua kilicholidhuru. Usiache metformini wala dawa ya presha. Anayetumia glibenklamidi akiongeza majani ya kushusha sukari anaweza kuzimia, na anayetumia warfarini akiongeza vidonge vya manjano, tangawizi au kitunguu saumu anaweza kuvuja damu. Mjamzito na mtoto wasipewe kabisa. Pima damu ya ini kabla ya kuanza na tena baada ya wiki nne, na umwonyeshe daktari pakiti yenyewe. Akikukemea, vumilia, mradi ajue unachokunywa.

Macho yakianza kuwa manjano, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, mwili ukawasha, hamu ya chakula ikapotea au ukatapika mfululizo, usimalize dozi na usimsubiri muuzaji akubadilishie. Iache siku hiyo hiyo, beba chupa au pakiti yake, na uende hospitali.